Bustani ndani ya beseni: kuitengeneza na kuitunza isife

Kama umeshaona picha za hizi bustani ndogo, kijumba cha saizi ya kiganja, kanjia ka kokoto, kabenchi, vimiti vya kimo cha penseli, alafu ukatamani ya kwako, nakuomba kitu kimoja kabla hujatoa hela: anza na mimea, vijumba vitafuata. Wengi wanaanzia kwenye vijumba na vijisanamu vya kuvutia, wakishanunua ndo wanatafuta mimea yoyote ilimradi ni midogo, wanachanganya inayopenda maji na isiyopenda maji kwenye chombo kimoja, na ndani ya mwezi nusu imeoza nusu imekauka alafu mtu anasema yeye hana mkono wa maua. Mkono anao. Shida ni kwamba kwenye beseni mimea yote inakunywa maji pamoja na inapigwa na jua lile lile, hakuna wa kukimbilia pembeni, kwahiyo ikiwa haina tabia moja lazima mmoja aumie.

Kwanza angalia jua

Chukua siku moja upo nyumbani, angalia ile sehemu unayotaka kuiweka. Jua lipo saa 2 asubuhi? Saa 6 mchana? Saa 9? Ikipigwa na jua masaa 5 au zaidi, hiyo ni bustani ya jua. Ikiwa ni varanda au dirishani, kuna mwanga wa kutosha kusoma gazeti bila taa lakini jua lenyewe haligusi, au linagusa kidogo tu asubuhi, hiyo ni ya kivuli. Kona ya sebuleni mbali na dirisha achana nayo, hapo hakioti kitu, utakuwa unanunua mimea kila mwezi.

Jua la saa 8 mchana linalogonga ukuta mweupe au mabati nalo lihesabu, maana ukuta unarudisha joto na beseni la plastiki jeusi linachemka mpaka mizizi inaungua. Ukiwa na sehemu kama hiyo tumia chungu cha udongo au beseni la rangi nyepesi.

Chombo

Hapa usiingie gharama. Beseni lililopasuka, karai la zege lililochoka, sufuria iliyotoboka, chungu kilichomeguka mdomo, sinia pana la bati, vyote vinafaa mradi kina kisipungue sentimita 12 na chini kuna matundu. Matundu ndo roho ya kila kitu. Beseni la upana wa sentimita 50 litoboe matundu 6 mpaka 8 ya unene wa kidole kidogo, la plastiki unapasha msumari mkubwa motoni ukiushika na koleo (toboa nje ya nyumba, ule moshi sio mzuri), la bati tumia dirili au msumari na nyundo. Alafu chombo kisikae sakafuni moja kwa moja, kiinulie juu ya vipande vitatu vya tofali ili maji yatoke.

Kuna ushauri unaozunguka sana kwamba uweke kokoto chini ili maji yapite vizuri. Usiweke. Maji hayashuki kirahisi kutoka kwenye udongo laini kwenda kwenye kokoto, yanasimama juu ya zile kokoto kwanza mpaka udongo ulowe kabisa, kwahiyo unachofanya ni kuipandisha ile sehemu ya maji yaliyotuama kuifuata mizizi. Weka tu kipande cha chandarua kuukuu juu ya kila tundu ili udongo usitoke, inatosha.

Udongo

Ule udongo mweusi wa bustani peke yake unashikamana sana ndani ya beseni. Kwa bustani ya jua changanya mchanga mnene wa mto sehemu 2, mboji iliyoiva sehemu 1, udongo wa kawaida sehemu 1. Mchanga wa baharini hapana, chumvi yake inaunguza ncha za majani. Kwa bustani ya kivuli chukua makumbi ya nazi yaliyosagwa au kuchambuliwa sehemu 2, mboji sehemu 1, pumba za mpunga zilizochomwa sehemu 1.

Makumbi nayo yana habari yake. Huku pwani makumbi ya kutengenezea kamba yanafukiwa ufukweni yaloweshwe na maji ya bahari kabla ya kupondwa, kwahiyo ukipata mabaki ya huko yamejaa chumvi. Loweka kwenye ndoo usiku mzima, mwaga maji, rudia mara tatu au nne mpaka maji yasiwe na ile rangi ya chai. Hata yale ya kununua kwenye mfuko mimi nayalowesha.

Kujua udongo uko sawa, ulowanishe, uukamate kwa mkono, ukamue alafu fungua kiganja. Ukibaki donge gumu ongeza mchanga au pumba. Ukimeguka ukiugusa na kidole, umepata.

Vipimo, hapa ndo picha inapokubali au kukataa

Ukiona bustani ndogo ikakupa raha bila kujua kwanini, mara nyingi ni kwa sababu vitu vyake vyote vimepunguzwa kwa kiwango kimoja. Mimi nashauri sentimita 1 iwakilishe sentimita 24 za kweli, inakaa vizuri sana kwenye beseni. Hapo mlango wa mita 2 unakuwa na sentimita 8 na kidogo, mtu mzima sentimita 7, baraza ya kukalia ya nje ya nyumba sentimita 2 kwenda juu, njia ya mita moja sentimita 4, mwembe wa uani wa mita 5 unakuwa kamti ka sentimita 21. Na lile beseni la sentimita 50 ni kiwanja cha mita 12, yaani nyumba moja, uwani, mti mmoja wa kivuli na njia ya kuingilia. Basi. Ukitaka kuweka nyumba tatu, kisima, daraja na msitu, tafuta chombo kikubwa zaidi.

Majani pia yana kipimo. Mmea mfupi wenye jani pana unaharibu kila kitu, jani la sentimita 5 pembeni ya mlango wa sentimita 8 linaonekana kama limeanguka kutoka mbinguni. Tafuta majani madogo madogo.

Mimea ya bustani ya jua

Mti mkubwa wa uani, hapa sina mashaka, chukua Portulacaria afra. Asili yake Afrika Kusini, majani ya duara saizi ya punje ya dengu mpaka kucha ya kidole kidogo, shina linanenepa mapema na kupata sura ya mti mzee, na ukisahau kumwagilia wiki mbili haikununii. Kwenye vitalu vya barabarani, kama vile vya Barabara ya Bagamoyo pale Dar au Ngong Road Nairobi, wauzaji wengi wanaiita jade na Crassula nayo wanaiita jade, kwahiyo nenda na picha kwenye simu. Crassula jani lake ni kubwa na nene zaidi, litakuzidi.

Chini ya mti weka Portulaca ya kutambaa, ile yenye vimaua vinavyofunguka jua likiwaka na kufunga mchana ukiisha, ipunguze kila ikirefuka. Haworthia ndogo, vile vimea vifupi vya majani manene yenye ncha, zinakaa vizuri upande wa kivuli wa nyumba. Sansevieria fupi ya duara, ile ya majani magumu yenye mabaka, inafaa kama kichaka cha kona.

Echeveria, yale mafungu mazuri ya majani yaliyopangika kama waridi, yanataka baridi ya usiku. Arusha, Mbeya, Nairobi, Nakuru yanapendeza sana. Dar, Tanga na Mombasa joto na unyevu vinayaozesha, utayaona yanapendeza kitaluni wiki yalipoletwa kutoka bara alafu basi.

Waridi la jangwani, Adenium, lina shina la kuvimba linalopendeza mno kama mbuyu mdogo, ila utomvu wake ni sumu, huku kwetu umetumika tangu zamani kwenye mishale ya kuwindia. Nyumba yenye watoto wadogo au mbuzi waliozoea kuingia varanda usiweke. Mnyaa ndo kabisa usiulete karibu, utomvu wake ukiingia machoni ni hospitali. Na ukoka, hata kama unaonekana nyasi nzuri, ukishaingia kwenye beseni hautoki.

Mimea ya bustani ya kivuli

Hapa tuna ua letu wenyewe. Saintpaulia, ambalo duniani kote linawekwa madirishani, limetoka milima ya Tanzania, Usambara na Uluguru na majirani zake, na lilipelekwa Ujerumani mwaka 1892 na afisa wa kikoloni aliyekuwa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, ndo jina lilipotoka. Zipo aina fupi zilizozalishwa kwa ajili ya vyungu vidogo, hazizidi upana wa kiganja. Nunua hizo za vitaluni. Tafadhali usiende kung'oa za porini Amani au Lushoto, baadhi ya aina zake zimebaki sehemu chache sana kwenye miamba na ziko hatarini kupotea. Linapenda mwanga bila jua kali, na joto likizidi nyuzi 30 kwa muda mrefu linasinyaa, kwahiyo mtu wa Dar aliweke sehemu ya ndani yenye hewa.

Fittonia ya majani madogo, ile yenye mishipa ya rangi kwenye jani, ni nzuri kwa sababu moja ya ziada: ikikosa maji inalala chini yote, ukimwagilia inasimama ndani ya masaa machache, kwahiyo inakuwa king'ora cha bustani nzima. Pilea microphylla, kale kajani laini kanachoota chenyewe kwenye vyungu vya watu na kwenye nyufa za karo, ukikipanda kwenye udongo wako kinafanya kazi ya kichaka bila gharama, ila kinasambaza mbegu hivo punguza kila wiki. Na ule uoto laini wa kijani unaobandika kwenye kuta zenye maji maji, ubandue na kisu kama kapeti, ubandike juu ya udongo uliolowa, ukandamize na vidole. Hapo una nyasi za uwani.

Nyumba na vitu vyake

Vijisanamu vya wenzetu vya kizungu vyenye mabawa na kofia ndefu vipo madukani na mtandaoni, kama unavipenda weka. Vile vizee vya bustani Uingereza vilianza kujulikana katikati ya karne ya 19 kwenye jumba la Lamport Hall, bwana mmoja anaitwa Charles Isham alivileta kutoka Ujerumani akavipanga kwenye bustani yake ya mawe, na kimoja bado kipo mpaka leo. Ila mimi naona kijumba cha kwetu kinapendeza zaidi, na bibi anayepita hapo hatakuuliza umeweka nini mlangoni.

Tengeneza hivi. Chukua boksi la juisi dogo au chupa ya plastiki iliyokatwa, izungushie wavu wa waya mwembamba kwa nje, alafu ipake lipu ya simenti 1 kwa mchanga laini uliochekechwa 3, unene wa nusu sentimita. Kabla haijakauka kandamiza tundu la mlango na la dirisha, na jenga baraza ya sentimita 2 mbele. Ifunike na mfuko uliolowa siku tatu ili isipasuke. Ikishakomaa itumbukize kwenye ndoo ya maji wiki nzima ukibadilisha maji kila siku, maana simenti mbichi inatoa chokaa na mimea ya jirani inageuka njano.

Mlango, hapa chukua muda wako, ndo kitu ambacho jicho linaenda kwanza. Vijiti viwili vya aiskrimu vikate sentimita 8 na nusu, vibandike bega kwa bega, alafu kijiti cha tatu kipasue katikati kwa urefu na ukibandike juu ya kile kiungo, hiyo ndo nguzo ya kati ya milango ya nakshi ya Zanzibar na Lamu. Mistari ya nakshi ichore kwa ncha ya pini iliyopashwa moto, taratibu, mbao inaungua kidogo na kuacha mstari wa kahawia. Zile njumu za shaba tumia shanga ndogo za dhahabu, kila upande mistari mitatu, bandika moja moja kwa kibano cha nyusi. Vichwa vya pini vinapata kutu, shanga hazipati. Maliza na vanishi mara mbili, mbele na nyuma na pembeni hasa ile sehemu ya chini inayogusa udongo.

Gundi iwe silikoni au ya kuchanganya mbili, gundi nyeupe ya shule inayeyuka mvua ya kwanza. Paa la makuti lifume kwa mabaki ya ukili wa mkeka, na ujue litaoza, kila masika likiisha unabadilisha. Mkeka wa barazani nao ni ukili huo huo.

Kuhusu kisima au bwawa la maji, tafadhali usiweke maji ya kweli. Mbu wa dengi anataga kwenye maji kidogo tu yaliyotuama, hata kizibo cha chupa kinamtosha, na ndani ya siku 7 mpaka 10 lile yai limeshakuwa mbu anayeruka. Dar ilipata mlipuko wa dengi 2014 na mwingine 2019, hatuhitaji kumfuga. Bwawa tengeneza kwa kipande cha kioo kilichosuguliwa kingo au gololi za bluu zilizozikwa nusu (mtoto chini ya miaka 3 akiwepo gololi acha). Na kila baada ya mvua pindua vikapu, mitumbwi na vyungu vidogo ulivyopanga, umwage maji.

Makombe ya baharini nayo yaache huko huko, ndani ya hifadhi za bahari kuyaokota ni marufuku. Ganda la konokono wa shambani linafanya kazi hiyo hiyo.

Kupanda

Panda jioni. Mimea imwagilie asubuhi yake ili itoke kwenye kopo bila kumwaga udongo wote. Jaza beseni mpaka zibaki sentimita 2 za juu, weka nyumba kwanza, iwe nyuma kidogo na isiwe katikati, kisha mti upande wa pili, udongo uwe na kamwinuko kadogo nyuma ili mtu akiangalia kwa mbele aone vyote. Mizizi ya mti ikiwa imejizungusha kama kamba ifungue na vidole, punguza robo ya chini kwa mkasi. Njia inakuja mwisho, kokoto za kuchekecha zile ndogo kabisa, juu ya kipande cha chandarua, bila hivo zinazama zote ndani ya wiki chache.

Bustani ya jua usiimwagilie siku hiyo, subiri siku 3 mpaka 5 majeraha ya mizizi yapone. Ya kivuli imwagilie hapo hapo.

Maji

Ratiba ya kila Jumatatu haifai, maana Januari na Mei sio kitu kimoja. Tumia kijiti cha mshikaki. Kichomeke mpaka chini, kiache dakika tano, kichomoe uangalie. Kikitoka na udongo umeganda na kina rangi ya kulowa, usimwagilie. Kwa bustani ya jua subiri kitoke kikavu kabisa, kwa joto la pwani ni kama siku 7 mpaka 10, alafu mwaga maji mpaka yatoke chini, sio kunyunyiza juu juu. Kwa ya kivuli mwagilia kijiti kikiwa kikavu nusu ya juu.

Saintpaulia maji yasiguse majani, hasa maji ya baridi, yanaacha madoa ambayo hayatoki. Tumia chupa ya mdomo mrefu, mwaga kwenye shina.

Masika, Machi mpaka Mei, bustani ya jua iingize chini ya paa la varanda mahali ambapo bado kuna mwanga. Hiyo ndo miezi inayoua nyingi. Jani likinyauka na kufanya mikunjo lina kiu, hilo ni jambo dogo. Likiwa laini, la njano, linaonekana lina maji ndani, mizizi inaoza: chomoa mmea, kata sehemu zote nyeusi mpaka ufike penye kijani au nyeupe safi, uache siku kadhaa kivulini ndo uupande tena kwenye udongo mkavu.

Wadudu, kuku na mbolea

Vile vidudu vyeupe vyenye unga unga vinavyojificha kwenye makwapa ya majani ndo adui mkubwa. Pamba ya masikio, ichovye kwenye spiriti, gusa kimoja kimoja, rudia kila baada ya siku 4 au 5 mpaka visionekane. Na ukiona sisimizi wanapanda mti wako kwa msururu, usiwadharau, wanafuata ule umajimaji mtamu unaotolewa na hivyo vidudu na wanavilinda, kwahiyo angalia chini ya majani haraka.

Kuku wakikuona umepanda watakuja kuchakura na paka atadhani umemwekea choo. Beseni liweke juu kimo cha kiuno, na sehemu zilizo wazi funika kwa kokoto.

Mbolea punguza sana. Hapa hatutaki mti ukue haraka. Kijiko kimoja cha mboji iliyochekechwa kuzunguka kila mmea, mara mbili kwa mwaka, mwanzo wa vuli na baada ya masika, inatosha.

Mkasi

Bila mkasi miezi minne mbele una kichaka kilichomeza nyumba. Kila Jumamosi moja ya mwezi kaa nayo dakika chache. Portulacaria ikate juu tu ya jozi ya majani, hapo itatoa matawi mawili na kuzidi kuwa na umbo la mti, yale matawi ya chini ya shina yaondoe yote mpaka theluthi ya kimo ili shina lionekane. Kila baada ya mwaka mmoja na nusu hivi toa kila kitu, punguza mizizi robo, badilisha udongo.

Vile vipande vya Portulacaria ulivyokata usitupe. Viache kivulini siku 3 mpaka ncha zikauke, vichomeke kwenye mchanga wenye unyevu kidogo sana, usivimwagilie wiki ya kwanza, na ndani ya wiki 4 hivi ukivuta taratibu vitakataa kutoka. Hapo vimeshashika mizizi, una miti ya beseni la pili.